Malalamiko kuhusu kitabu kilichokatwa kurasa, na jinsi nilivyotendewa katika tawi lenu la Mombasa

Kwa Meneja Mkuu,
Makao Makuu,
Nairobi.

Bwana au Bibi,

YAH: MKUSANYO WA KOMIKI ULIOKATWA KWA WEMBE NA KUUZWA KAMA MPYA

Nawaandikia kwa heshima, na mniwie radhi iwapo heshima hiyo itapungua kadiri barua inavyoendelea. Sera yenu ya kurudisha bidhaa mnaijua kuliko mimi, na imebandikwa juu ya kaunta kwa herufi kubwa, kwa hivyo sitawasomea. Risiti nimeiambatisha. Agizo langu liko kwenye kompyuta zenu, pamoja na malipo ya awali mliyoyapokea kabla kitabu hakijafika nchini.

Kitabu chenyewe ni mkusanyo wa jalada jepesi wa The Amazing Spider-Man, toleo la 18 hadi la 38, wa rangi, shilingi 5,900. Nilikabidhiwa kikiwa ndani ya plastiki, kimebandikwa kijikaratasi kisemacho KIPYA. Nilipofika toleo la 33 nikakuta karatasi nne hazipo. Hazikung'oka wala hazikusahauliwa. Zimekatwa kwa wembe, tena kwa utulivu wa mtu asiye na haraka, karibu kabisa na gundi. Vimebaki vipande vinne vyembamba ambavyo ukipitisha kidole vinakukwaruza.

Tafadhali asitokee mtu wa ofisi yenu kuniuliza karatasi nne ni kitu gani katika kitabu cha mamia ya kurasa. Mwisho wa toleo la 32 Spider-Man amelaliwa na mtambo wa chuma katika maficho ya adui yake Doctor Octopus chini ya maji. Maji yanaingia, na dawa ya kumwokoa Aunt May, shangazi yake aliyemlea, imeanguka mbele yake, mkono haufiki. Msomaji wa wakati ule aliachwa hapo akasubiri mwezi. Toleo la 33, la Februari 1966, linaanza naye akiwa amebanwa vilevile. Mchoraji, Steve Ditko, hamtoi kwa mkato. Spider-Man anajaribu, anashindwa, anamkumbuka ami yake aliyekufa, anajikaza tena, na visanduku vinapanuka kadiri chuma kinavyoinuka, mpaka unafunua ukurasa mmoja mzima ambao hauna kisanduku kingine: mtambo uko juu, naye yuko chini yake kasimama. Wachoraji na wasomaji wanausifu ukurasa ule kwa zaidi ya nusu karne sasa. Kuna watu wanaonunua mkusanyo mzima kwa ajili ya kurasa zile tu, na mmoja wao ndiye huyu anayewaandikia.

Katika kitabu changu unafunua, unamkuta keshatoka zamani, ana shughuli nyingine. Nani alimtoa? Wembe wenu.

Na kurasa zangu nimeziona. Ziko dukani kwenu, ukutani nyuma ya kaunta, katika ile mnayoiita Kona ya Mashujaa, kati ya bango la Batman na tangazo la mikoba ya shule. Zimebandikwa kwa selotepu. Kwa kuwa karatasi ina pande mbili, kurasa nne zinaonekana na nne zimetazama rangi ya ukuta. Nilisimama nikazisoma zile zinazosomeka, huku nimekamata kitabu changu, na pale karatasi zilipokatwa palioana na vile vipande vilivyobaki kwenye gundi. Kwa hivyo naomba tusipotezeane wakati kwa maneno ya "tutachunguza".

Nilichotaka mwanzo kilikuwa kidogo sana: nakala nyingine, nzima, ya kitabu kilekile. Basi.

Msimamizi wa zamu aliitwa. Nikamwonyesha ukuta, nikamwonyesha kitabu. Akakichukua mkononi mwangu bila kusema naomba, akakilaza juu ya kaunta, akakikunja kinyume mpaka jalada la mbele likakutana na la nyuma, "nione kasoro iko wapi." Mgongo wa kitabu ukaalika. Gundi ikaachia na kurasa zikaanza kutoka. Akaniangalia, akasema, "Sasa hiki kimeshatumika, mzee. Vilivyotumika hatupokei." Kisha akaandika kwenye fomu yenu, kwa kalamu yake, kimeharibiwa na mteja.

Niliombwa nitie sahihi fomu hiyo. Sikutia.

Kabla ya siku hiyo nilikuwa nimepiga ile namba yenu ya huduma kwa wateja. Mnajua inavyokuwa: muziki, kisha sauti, kisha muziki. Binti aliyepokea alikuwa na adabu, Mungu amweke, akaniambia nipeleke kitabu tawini na nitabadilishiwa hapohapo, na kwamba ameandika maelezo yangu kwenye mfumo. Tawini waliniambia mfumo hauonyeshi kitu. Mnaweza kuyatafuta wenyewe maelezo hayo. Mwenye mfumo ni nyinyi.

Baada ya kuvunjiwa kitabu ndipo nikaanza kupewa hisani. Kwanza kijana wa kaunta aliniletea mkusanyo mwingine wa jalada jepesi, akasema, "Chukua hiki, ni Spider-Man vilevile." Hicho kinaanza na toleo la 39. Anayeuza vitabu angepaswa kujua kwamba Ditko aliondoka baada ya toleo la 38, mwaka 1966, na kwamba kuanzia la 39 mchoraji ni John Romita. Sina ugomvi na Romita, na kitabu hicho ninacho, nilikinunua kwenu. Lakini mtu akiagiza Ditko usimpe Romita ukamwambia ni vilevile kwa sababu nguo za buibui zinafanana.

Kisha akaniletea ile mikusanyo ya zamani, minene, ya karatasi kama ya gazeti, iliyochapwa nyeusi na nyeupe, ambayo Marekani walianza kuitoa miaka ya 1990. Hapo ukurasa ninaoutafuta upo, sikatai. Rangi ndiyo haipo. Mikusanyo ile iliuzwa rahisi kwa sababu hiyo, na ilifanya kazi yake vizuri kwa watu wasio na pesa nyingi. Mimi mwenyewe niliisoma miaka mingi. Ila mlinitoza shilingi 5,900 za rangi, na mnataka kunipa cha bila rangi, tena chenye madoa ya unyevu kwenye jalada, bila kunirudishia tofauti.

La tatu ndilo lililonifanya nitoke nje nikapumue. Walijitolea kunitolea fotokopi ya kurasa zilizo ukutani. Bure, akasema yule kijana, kama mtu anayetoa sadaka. Nikauliza zile nne zilizotazama ukuta atazifanyaje. Akasema selotepu ikibanduliwa ukuta utaharibika, na ukuta umepakwa rangi juzi.

Kwa hiyo rangi ya ukuta wenu ni bora kuliko kitabu cha mteja. Nataka jambo hili lisomwe kwenye mkutano wenu wa mameneja kama lilivyo.

Narudi kwa msimamizi, kwa sababu sikulieleza sawasawa, na kila nikilala linanirudia. Kulikuwa na foleni nyuma yangu: akina mama wa vitabu vya shule, vijana wawili watatu wa chuo. Mjukuu wangu wa kike alikuwa ameshika mkono wangu. Ndiye niliyekusudia kumsomea hadithi hiyo. Msimamizi hakukiangalia kitabu kwanza. Aliniangalia mimi, mvi zangu na kofia yangu, kisha akaangalia picha ya jalada, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Akasema kwa sauti ya kusikika mlangoni, "Hizi si katuni za watoto hizi?" Watu wakacheka. Hapo ndipo alipokikunja. Nilinyoosha mkono nikasema, "Taratibu, bwana, gundi hiyo." Alinisikia, kwa sababu alisimama kidogo, akaniangalia machoni, kisha akakandamiza kwa kiganja. Mgongo ukaalika, karatasi mbili zikateleza zikaanguka upande wake wa kaunta. Hakuziinua. Aliziinua kijana. Na juu ya kichwa chake, muda wote huo, ulikuwa ule ukurasa mzima wa toleo la 33, umenata ukutani na selotepu yake ya manjano, na yeye ananiambia mimi ndiye niliyeharibu. Mjukuu wangu akauliza, "Babu, mbona amekivunja?" Hakuna aliyemjibu mtoto.

Nimeishi mji huu maisha yangu yote. Nimegombana na makondakta, na maofisa wa bandari, na mafundi wa friji. Hakuna aliyewahi kuvunja kitu changu mbele yangu halafu akaniandikia fomu kwamba nimekivunja mimi.

Huenda mkasema nikanunue kwingine. Mikusanyo hii huchapwa kwa awamu. Ikiisha kwa wachapishaji hakuna anayejua itarudi lini, na waliobaki nayo hupandisha bei watakavyo. Toleo asili la mwaka 1966, lililouzwa senti 12 za Marekani, leo ni mali ya wakusanyaji wenye fedha, si la mtu wa pensheni. Ndiyo maana mikusanyo ya jalada jepesi ipo: ili mtu wa kawaida asome kazi ya Ditko na mwandishi Stan Lee, au ya mchoraji Jack Kirby, bila kuuza kiwanja. Nyinyi mnalijua hilo, maana ndilo mlilonieleza wakati wa kuchukua malipo ya awali.

Kwa hivyo matakwa yangu hayakubaki pale yalipoanza. Nataka nakala mpya, nzima, ya rangi, toleo la 18 hadi la 38, ikaguliwe ukurasa kwa ukurasa mbele yangu kabla sijaipokea. Nataka pia shilingi 5,900 zangu, zote, kwa usumbufu. Nilikuwa nimeandika "au" kati ya hayo mawili, nimeifuta. Nataka fomu ile iliyosema nimeharibu kitabu ifutwe, na niandikiwe kwa maandishi kwamba imefutwa. Nataka barua ya kuniomba radhi, yenye sahihi ya msimamizi mwenyewe, si ya ofisi ya mawasiliano. Na nataka kujua ni vitabu vingapi vingine mlivyovikata kupamba kona hiyo kisha mkavirudisha kwenye plastiki, kwa sababu pale ukutani zipo pia kurasa za komiki nyingine, Fantastic Four toleo la 52, lile la mwaka 1966 ambamo shujaa Black Panther alitokea kwa mara ya kwanza, na kuna mtu mahali fulani katika mji huu amenunua kitabu ambacho Black Panther haingii.

Nikumbushe tu, kwa wema, kwamba Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa taarifa, na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Tena kuna Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, ambayo sheria inaitaka itoe uamuzi ndani ya siku 60, na ambayo mtu anaweza kusimama mwenyewe bila wakili. Mimi ni mstaafu. Nafasi ninayo.

Nawapa siku 14 tangu mtakapopokea barua hii. Zikipita kimya, sitataka tena nakala wala radhi. Nitadai pesa, gharama na fidia, na nitaomba msimamizi wenu aje mahakamani aonyeshe, kwa kitabu kingine, namna anavyotafuta kasoro.

Wenu kwa heshima iliyosalia,

Mteja wenu, Mombasa.

Nyongeza: Barua hii ilikuwa tayari kwenye bahasha nilipopokea ujumbe wenu kwenye simu ukiniomba nitathmini huduma niliyopata tawini kwa nyota moja hadi tano, ili niingizwe kwenye bahati nasibu ya kujishindia begi la shule. Nimefungua bahasha tena. Siku 14 zimekuwa saba. Kurasa zilizo ukutani, za Spider-Man na za Fantastic Four, zisibanduliwe na mtu yeyote mpaka jambo hili liishe: nimezipiga picha, pamoja na saa ya ukutani iliyo kando yake, na nakala za picha hizo ninazo mimi, anazo mwanangu, na anazo jirani yangu ambaye ni wakili na ambaye hadi jana alikuwa akinisihi niyaache.