Ridhaa na usiri katika utafiti wa afya ya akili

Ndugu Mhariri,

Utafiti wa afya ya akili unaofanyika vijijini mkoani Kigoma ni wa kupokewa, kwa kuwa humfikia mtu ambaye asingekwenda zahanati kwa hiari yake. Hofu yangu ni namna mahojiano yanavyoendeshwa.

Dodoso la PHQ-9, linalotumika sana kupima sonona, humuuliza mtu katika swali la tisa kama amewaza kufa au kujidhuru. Swali hilo likiulizwa uani huku majirani wakisikia, au na mhudumu wa afya ya jamii ambaye ni shemeji wa mhojiwa, usiri haupo tena. Na kwa kuwa Kanuni ya Adhabu imekuwa ikihesabu jaribio la kujiua kuwa jinai, jibu la kweli laweza kumponza. Anayekiri mawazo hayo aunganishwe na mtaalamu siku hiyohiyo. Kuandika jibu na kuondoka ni ukatili, hata kama fomu ya ridhaa imesainiwa.

Kibali cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) hakichukui nafasi ya ridhaa ya mhojiwa, wala mwenyekiti wa kijiji hawezi kuridhia kwa niaba ya kaya. Mzee anayeelewa Kiha zaidi asomewe kwa Kiha. Mkimbizi wa kambi ya Nyarugusu, anayetegemea mgao wa chakula, aambiwe waziwazi kwamba akikataa kuhojiwa, mgao wake hautaguswa.

Naomba halmashauri ziwatake watafiti waeleze, kabla ya kuanza kazi, nani atawahudumia watakaobainika kuwa wagonjwa, na lini matokeo yatasomwa katika mkutano wa kijiji.

Msomaji wako,
Kasulu, Kigoma