Tauni, ardhi na ujira: jibu la swali lako

Mwalimu mwenzangu,

Salaam nyingi. Umeuliza imekuwaje tauni iliyoua kati ya theluthi na nusu ya watu wa Uingereza, 1348 hadi 1349, iwaachie walionusurika maisha yenye nafuu. Darasani anzia kwenye ardhi.

Kufikia 1300 mashamba yalikuwa yamebanana. Mkulima akipanda debe moja la ngano huvuna kama manne. Moja linarudi ardhini kuwa mbegu, kisha zaka ya kanisa na kodi ya kabaila vinatoka humo humo. Watu walipozidi, walilima hata malisho. Mifugo ikapungua, samadi ikapungua, na ardhi ikachoka. Ndiyo maana mvua zilipoharibu mavuno kuanzia 1315, njaa iliua watu wengi mno.

Tauni iliacha ardhi ile ile na mikono michache. Kibarua wa peni moja na nusu au mbili kwa siku akadai tatu na zaidi. Sheria ya 1351 iliamuru ujira urudi ulivyokuwa kabla ya tauni, lakini makabaila wenyewe walikuwa wakigombania vibarua, wakiwaongezea chakula na nguo juu ya ujira.

Hapa wanafunzi hukosea sana: wanahesabu peni tu. Bei ya nafaka ilibaki juu hadi katikati ya miaka ya 1370, hivyo nafuu yenyewe ilichelewa karibu kizazi kizima. Wafundishe kugawa ujira wa siku kwa bei ya kipimo kimoja cha nafaka, kipimo kisibadilike, ndipo walinganishe miaka. Wakumbuke pia kwamba kibarua hakupata kazi kila siku. Ushahidi mzuri zaidi ni chakula cha wavunaji wa Norfolk, mashariki mwa Uingereza: karne ya 13 walipewa zaidi mkate wa shayiri na jibini, mwanzoni mwa karne ya 15, mkate wa ngano, bia, na nyama kwa wingi.

Tauni ilirudi 1361 na mara nyingi baadaye, kwa hiyo idadi ya watu ilikaa chini zaidi ya miaka mia. Ilipopanda kutoka milioni 2.8 hivi mwaka 1541 hadi milioni 4 na ushei mwaka 1601, bei za chakula ziliupita ujira mbali. Tafadhali usiiruke karne hiyo. Bila hiyo watadhani tauni ina baraka.

Wakikwama kwenye hesabu, niandikie.

Wasalaam,
Rafiki yako