Darubini za kompyuta na saa za Kiswahili

Mhariri,

Darubini za kutazama nyota zenye mota na kompyuta husingiziwa ubovu, kumbe zimelishwa taarifa potofu. Kwa Dar es Salaam ingiza latitudo 6.8 kusini, longitudo 39.3 mashariki, ukanda wa saa +3, na uzime saa ya majira ya joto (ile ya kusogeza saa mbele kama Ulaya). Saa mbili usiku ni 20:00, jamani, si 2:00! Darubini nyingi hutanguliza namba ya mwezi, ndipo tarehe.

Sawazisha miguu ya darubini kwa pimamaji, kisha, ili kompyuta ijue ilikoelekea, lenga nyota mbili zilizo mbali moja na nyingine: Aprili, saa tatu usiku, Sirius magharibi na Arcturus mashariki. Ziweke katikati kwa lenzi ya kuchungulia yenye ukuzaji mkubwa.

Betri nane za AA huchoka mapema na mota hupotea njia. Betri ya volti 12 ni bora.

Msomaji, Dar es Salaam