Sekunde ishirini za makonyo

Wete, Pemba
Jumapili usiku

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Siye huku hatujambo, wa ila shauku ya kukuoneni. Mama anakusalimu sana na anauliza lini utamleta huyo mjukuu tumuone, maana picha za kwenye simu anasema hazibebeki.

Uliniuliza siku ile imekuwaje mie, niliyekuwa nikitetemeka kusoma hadithi mbele ya darasa, leo nipeleke watoto wa watu redioni. Nikataka kukupa khabari kamili, vocha ikaisha. Bora niandike. Maana hata ukitaka kutusikiliza mwenyewe huwezi. Redio yetu ni ya jamii, iko kwenye FM, na mawimbi ya FM huenda kama jicho: yakifika upeo wa bahari ndo mwisho wa safari. Si kama ile redio ya babu yako ya masafa ya kati, ambayo usiku ikileta Waarabu na Wahindi mpaka yeye mwenyewe anachoka kuwazungusha.

Basi kipindi chetu ni cha nusu saa, Jumamosi baada ya sala ya alasiri. Wanafunzi tisa, wa kidato cha pili na cha tatu, na mada wanachagua wenyewe. Studio usiifikirie ile ya kwenye televisheni. Ni chumba kimoja, ukutani yamepigiliwa magodoro ya sponji na trei za mayai, na feni haiwashwi kwa sababu inaingia kwenye maiki. Tunatoka mle tumerowa kama tuliovuliwa na wavu.

Vipindi vya mwanzo, shoga, vilikuwa aibu. Kuna kijana mmoja hodari kweli, lakini akikaa mbele ya maiki anageuka mtu wa Dar es Salaam: "Naam naam, mtu wangu wa nguvu, karibu kunako kipindi chako mahiri kabisa!" Na mie simlaumu yeye peke yake. Kila karatasi iliyosomwa mle ilipita kwanza mkononi mwangu, na unaijua kalamu yangu nyekundu. Mtoto akiandika "n'nakwenda" naweka "ninakwenda". Akiandika "kagwa mkarafuuni" nakata, naweka "ameanguka kutoka kwenye mti wa mkarafuu". Nikijiona nawasaidia.

Kipindi cha tatu kilihusu redio yenyewe. Walimpata mzee mmoja, akawaeleza jinsi Sauti ya Unguja ilivyoanza mwaka 1951, watu wakijazana barazani kwa mwenye redio. Kisha akafika Januari 12, 1964, siku ya Mapinduzi, walipomsikia John Okello, yule Mganda, akinguruma hewani. Akasema: maneno yake watu waliyasikia baadaye, kwanza waliusikia ulimi, wakajua huyu si wa hapa, ijapokuwa alishawahi kukaa hapa hapa Pemba. Nikaona hicho ndicho kipande kitamu kuliko vyote. Kiliporushwa, hakimo. Kimekatwa, na nilipouliza nikajibiwa "muda haukutosha", na hali dakika mbili nzima zilijazwa muziki. Haya, hayo nimeyameza.

Sasa njoo kwenye karafuu. Msimu umeingia, na watoto wakasema wanataka kuzungumzia watu wanaoanguka mikarafuuni. Wewe umekulia mashamba, sina haja ya kukueleza tawi la mkarafuu lilivyo: halipindi, halilii, halikupi onyo, linakatika tu. Walimhoji mwenzao wa darasa, mkono umefungwa plasta tangu wiki ya kwanza ya msimu. Walihoji na mchumaji mzima, akawaonyesha namna ya kulivuta tawi kwa upembo badala ya kulifuata kwa miguu. Kazi nzuri, nami nikaikamilisha kwa kalamu yangu.

Dakika kumi za mwisho tunapokea simu. Ya kwanza kuingia ilikuwa ya bibi yake yule yule mtu wa nguvu. Redio yake iko pembeni inanguruma, sauti inaingia kwenye simu inaturudia, spika zinapiga mluzi mpaka fundi akavua vile vya masikioni.

"Bibi, punguza sauti ya redio yako."

"Nipunguze nini, na mjukuu wangu yumo ndani?"

"Punguza, Bibi, tupate kukusikia."

"Nikipunguza nyi mtanisikia, mie n'takusikieni kwa wapi?"

Fundi akainama chini ya meza kwa kicheko. Mwisho bibi alipunguza, lakini kidogo.

"Nauliza. Huyo mtoto mnosema ameanguka, kaanguka wapi? Barabarani?"

"Hapana Bibi. Mkarafuuni."

"Basi kagwa. Kama kagwa, semani kagwa. Na wewe mjukuu wangu, huyo mtu wako wa nguvu ni nani? Mie sina nguvu, nina magoti."

Simu ikakatika. Nilikuwa nimekaa pembeni kwenye kigoda cha plastiki, na watoto wote tisa walikuwa wakinitazama mie, si yule kijana.

Wiki iliyofuata sikusahihisha kitu. Niliwaambia semeni kama mnavyosema kwenu, na atakayenijia na karatasi nitaichana. Hapo ndipo akaniendea binti mmoja wa kidato cha pili. Huyu hasemi. Mwaka mzima nimemfundisha na sauti yake naijua kwa "nipo, mwalimu" tu. Aliniomba simu yangu alale nayo usiku mmoja. Nikampa, huku roho inanidunda, maana unajua mna nini mle.

Alirudi nayo na sekunde ishirini. Usiku, uani kwao, wanawake wamekaa jamvini wanachambua. Anayejua anasikia kila kitu: kichala kinakandamizwa kwenye kiganja, kinazungushwa, karafuu zinadondoka upande huu, makonyo, vile vijiti vyake, yanatupwa upande ule. Tep, tep, tep. Mtoto anakohoa. Mtu anasema "sogeza taa". Tep, tep. Basi, hakuna neno jengine.

Jumamosi tukaiweka hewani hivyo hivyo. Fundi alikuwa keshaambiwa, ila alisahau. Aliposikia hakuna anayesema akadhani tumezimika, na kwa watu wa redio kimya hewani ni kama moto jikoni. Akarukia vitufe. Binti akainua kiganja, vile unavyosimamisha gari la abiria, na jibaba lile likasimama.

Simu zilizoingia nyuma yake, shoga, natamani ungekuwepo. Mwanamme mmoja wa Konde alitaka kujua hizo ni pishi ngapi, maana kwa mlio anaona hazifiki tano. Mwengine akataka kujua kama makonyo yao wanayapeleka Wawi, kiwanda cha mafuta ya karafuu, au wanayatupa. Na mama mmoja, hata salamu hakutoa: "Mwambieni huyo wa karibu na simu apunguze haraka, anatia makonyo kwenye karafuu, watashushiwa daraja." Kwa masikio tu! Na kumbe kweli. Binti alivyoenda kutazama asubuhi, fungu la shangazi yake limechanganyika.

Sasa kosa langu. Sikumuuliza binti kama waliomo wameridhia kurekodiwa. Mama yake amejisikia redioni akiwa dukani kwa watu, akanuna siku mbili. Nikaenda mwenyewe kuomba radhi, nimebeba kilo ya sukari. Akanipokea vizuri, akaniweka jamvini, akanipa na fungu langu nichambue. Mikono yangu mpaka leo kahawia, chaki haishiki. Wakati wa kuondoka akanambia hana tatizo, ila siku nyengine nimpe taarifa mapema avae vizuri. Nikamwambia mama, ni redio. Akasema anajua ni redio.

Ndani ya bahasha mna kadi ya simu, imefungwa kwenye karatasi ya chokleti isiingie maji ya boti. Faili la pili ndilo la bibi, la nne ndilo la uani. La kwanza usifungue, mie nimo, natangaza, na sitaki maneno. Mwenye kukuletea barua anarudi Alkhamisi, tafadhali mrudishie kadi, tunayo hiyo hiyo moja.

Na mama yako nimpate wapi? Binti amesikia kuwa kulikuwa na nyimbo za kuchambulia zamani, na huku kila ninayemuuliza ananitajia yeye. Muulize akiwa ametulia, na kwanza muombe ruhusa.

Shoga yako,
yule wa kitanda cha juu, dakhalia