Kimulimuli Hakifungwi kwa Waya Mbili Tu

"Fundi, taa nimenunua mwenyewe. Wewe unaunganisha waya mbili, nyekundu na nyeusi. Mbona ufundi unazidi bei ya taa?"

Swali hili tumelizoea, lakini juzi limekuja kwa ukali. Mteja alitutamkia wazi kwamba tunamwibia, akawasha gari akaondoka. Hatuna ugomvi naye. Ila tunajua wapo wengine wenye mawazo hayohayo ambao wanayameza tu wakati wa kulipa, kwa hiyo acha tueleze kinachofanyika gari likiwa karakana kufungwa kimulimuli, king'ora au redio ya mawasiliano, hasa kwenye zile sehemu ambazo mteja hazioni kwa sababu zimelala chini ya zulia na nyuma ya kitambaa cha dari.

Ni kweli taa ina waya mbili. Suala ni umeme unachukuliwa wapi. Njia ya mkato inayopendwa ni kudandia. Fundi anatafuta waya wowote wenye moto karibu na dashibodi, labda wa taa za ndani au wa soketi ya kuchajia simu, anaumenya, anausokota na waya wa kimulimuli, anazungusha tepu, kwisha. Siku hiyo taa inawaka vizuri kabisa, na mteja anaondoka akiamini amepata kazi ileile kwa bei ya chini.

Sasa tupige hesabu. Taa ndefu ya juu ya paa inavuta, tuseme, ampea 15. Kutoka kwenye betri hadi nyuma ya paa ni mita 6, kwa hiyo kwenda na kurudi ni mita 12 za waya. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 una ukinzani, yaani kizuizi kwa umeme, wa karibu omu 0.012 kwa kila mita. Ukizidisha, utaona zaidi ya volti 2 zinapotea kabla hazijafika kwenye taa, na zinapotea kwa kugeuka joto ndani ya waya huohuo uliofichwa chini ya zulia. Waya wa milimita za mraba 6 kwa umbali huo unapoteza kama nusu volti. Ongeza king'ora cha wati 100, ambacho peke yake kinataka kama ampea 8 hadi 10 kikilia, halafu ukumbuke kwamba ule waya uliodandiwa, kiwandani uliwekwa kwa ajili ya balbu ndogo.

Ndiyo maana wengine wanarudi wakilalamika kwamba taa "ni feki", zinafifia king'ora kikilia. Tunapima volti kwenye taa vyombo vyote vikiwa vimewashwa, na mara nyingi taa haina kosa lolote. Kupima bila mzigo hakukuambii kitu, kwa sababu hata waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba utaonyesha volti 12 ukiwa haubebi chochote.

Kuhusu waya wenyewe tumekuwa wakorofi, tunakiri kwa fahari. Mteja akija na waya wake tunaukwangua kwa kisu. Ukionekana mweupe ndani, huo ni alumini iliyopakwa shaba. Hauingii kwenye gari tunalotia muhuri wetu. Alumini ina ukinzani wa kama mara 1.6 ya shaba, inavunjika ikikunjwakunjwa, na kwenye viungo vyenye unyevu inaliwa haraka. Waya wa nyumba wenye uzi mmoja mnene nao hatuutaki. Gari linatikisika tangu linapowashwa hadi linapozimwa, na uzi mmoja ukichoka umekatika. Tulipokea gari la wagonjwa lililofungwa waya wa namna hiyo, taa za nyuma zikiwaka kwenye lami na kuzimika kwenye vumbi. Dereva alikuwa ameshajifunza kupiga bati la mlango kwa ngumi ili ziwake. Waya ulikuwa umekatika ndani ya ganda, kwa nje ni mzima kabisa, na kuutafuta kulichukua muda mrefu kuliko ambavyo kuufunga vizuri kungechukua.

Fyuzi ndiyo sehemu inayotuumiza kichwa zaidi. Wengi wanaamini fyuzi ipo kulinda taa. Kazi yake hasa ni kulinda waya, na ndiyo maana inakaa karibu kabisa na betri, shubiri moja au mbili hivi. Ikiwekwa kule chini ya usukani, kipande chote cha kutoka betri hadi hapo kinabaki bila mlinzi. Gari moja la kampuni ya ulinzi lililetwa likivutwa, limejaa harufu ya plastiki iliyoungua. Waya wa king'ora ulipenyezwa kwenye tundu la bati linalotenga injini na dashibodi bila kuvalishwa raba. Bati likalisugua ganda kidogokidogo mpaka shaba ikagusa bodi. Fyuzi ilikuwepo, tena nzuri, lakini ilikuwa upande wa pili wa tundu, kwa hiyo haikujua kitu. Kilichoungua ni mkanda mzima wa nyaya za gari, na kuubadilisha kulihitaji kung'oa dashibodi yote. Raba ya tundu ni kitu kidogo kuliko sarafu.

Na tafadhali, fyuzi ikikatika msiiongezee ukubwa. Nyekundu ni ampea 10, bluu 15, njano 20, kijani 30. Tunafungua magari tunakuta kijani imekaa mahali pa nyekundu, au karatasi inayong'aa ya pakiti ya sigara imeviringishwa badala ya fyuzi. Hapo kitakachokatika kwanza ni waya, na waya haukatiki kimyakimya.

Malalamiko mengine ni ya betri. Gari linaegeshwa Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi haliwaki, lawama zote kwa fundi. Redio ya mawasiliano na kisanduku cha king'ora vikiachwa na moto muda wote vinaweza kunyonya nusu ampea bila taa yoyote kuwaka. Kwa saa 60 hizo ni ampea-saa 30, karibu nusu ya betri ya 70. Tunachofanya ni kupitisha vyombo vyote kwenye rilei moja kubwa, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, yenye kipima muda: ukizima gari, redio inabaki hewani kwa muda mliokubaliana, kisha kila kitu kinakufa. Rilei yenyewe inaamshwa na waya wa swichi wenye kubeba umeme mdogo sana, na koili yake tunaivalisha dayodi, kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu, ili ikizimwa isirushe mshtuko kwenye kompyuta ya gari. Dayodi hiyo ni punje tu, lakini ndiyo kwanza inayorukwa na anayeharakisha.

Wenye malori ya volti 24 wana mkato wao maalumu. Redio ni ya volti 12, lori lina betri mbili, basi wanachomeka redio kwenye betri moja. Inafanya kazi! Ila betri hiyo inakamuliwa peke yake wakati alternata, jenereta ya gari, inazichaji zote mbili kwa pamoja, kwa hiyo moja haijai kamwe na nyingine inachajiwa kupita kiasi hadi inachemka. Mwenye lori mmoja alikuwa amegombana na muuza betri hadi wakaacha kusalimiana, kila akinunua jozi mpya inakufa. Kibadilisha volti kutoka 24 kwenda 12 kingemgharimu chini ya jozi moja ya betri.

Magari ya sasa yameufanya udandiaji uwe hatari zaidi. Taa za nyuma zinasimamiwa na kompyuta inayojua balbu yake inavuta umeme kiasi gani. Ukiibia hapo inaandika kosa, wakati mwingine inazima taa kabisa. Ukiona nyaya mbili nyembamba zimesokotwa pamoja, hizo zinabeba mazungumzo ya kompyuta, hazina umeme wa kukupa. Soketi za njano ni za eabegi, mifuko ya hewa inayofunguka gari likigonga. Hatuzigusi hata kwa taa ya kupimia, na hatupitishi waya mbele ya eabegi ya pembeni inayoshuka kutoka kwenye dari. Kuna mteja alitaka kisanduku cha king'ora kikae juu ya dashibodi upande wa abiria, mahali eabegi inapofungukia. Tulikataa, akanuna, tukakifunga katikati. Hata ethi, waya wa kurudishia umeme, ina adabu yake: magari mengi yana kihisi cha kupima umeme kwenye ncha hasi ya betri, na ukifunga ethi palepale kwenye ncha kompyuta haiuhesabu umeme wako. Tunaifunga kwenye bodi, baada ya kukwangua rangi hadi bati ling'ae, kisha tunapaka kinga ya kutu.

Viungo tunavibana kwa koleo lake, tunavivuta kwa nguvu kujaribu, halafu tunavivika mpira unaosinyaa kwa joto. Kuna wanaotushangaa kwa nini hatulehemu. Risasi ya kulehemia ikipanda ndani ya nyuzi inazifanya ngumu, na pale ugumu unapoishia ndipo waya unapokatikia gari likitikisika. Waya wa antena tunautenga na nyaya za taa, kwa sababu taa za LED zikipepesa karibu nao redio inavuma.

Kwa hiyo ukiletewa hesabu yetu, taa ni mstari mmoja tu humo. Ufundi ni kushusha dari, kutoa viti, kupitisha waya mbali na reli za viti na bomba la moshi, kupima kila kitu kikiwa kimewashwa injini ikiwa sailensi, yaani ikiunguruma bila kukanyagiwa mafuta, maana hapo alternata inatoa umeme kidogo na gari la dharura husimama sana likiwa hivyo. Kila waya unapata lebo, na mchoro unabaki ndani ya gari. Bei ya haraka-haraka hatuna. Aliyeitaka tulimwachia aende, na baadhi yao tumewapokea tena, wakilipia kwanza kufumua kilichofumwa.

Ukija, njoo na kibali cha kutumia taa na king'ora, kwa kuwa rangi ya taa ina sheria zake na hatufungi kwa maelezo ya mdomo. Andika vyombo vyote unavyotarajia, hata vile utakavyonunua baadaye, ili kisanduku cha fyuzi kiwe na nafasi. Dhamana yetu inaisha siku mtu akidandia kwenye kisanduku hicho. Tunavijua viungo vyetu. Na gari lije na betri yake halisi, si ya kuazima kwa jirani kwa ajili ya safari ya kuja karakana.