Likizo ya Krismasi: nani anamenya ndizi?

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niwaseme watu wa nyumbani kwangu, maana kwa mdomo nimeshindwa.

Kila Desemba sisi Wachaga tunapanda mlimani. Mume wangu ni mtoto wa kwanza, kwa hiyo jiko la Krismasi kule Kibosho ni langu. Mwaka jana tuliondoka stendi ya Mbezi saa kumi na mbili asubuhi, tukashuka Moshi saa kumi na moja jioni, miguu imevimba hata viatu havitaki kuvalika. Kufika nyumbani nakuta mikungu miwili ya ndizi mlangoni. Nikapewa kisu.

Aliyewahi kumenya ndizi mbichi anajua habari ya utomvu. Unaganda vidoleni, kucha zinakuwa nyeusi kama za fundi gereji, na sabuni haiutoi. Nilimenya mpaka saa tano usiku, kuni zenyewe zimelowa mvua, macho yanachuruzika. Mtori wa watu thelathini na kitu huo.

Wanaume walichinja mbuzi na kuchoma nyama, sikatai. Lakini kazi ile iliisha saa nne asubuhi, baada ya hapo kata ya mbege ikazunguka mpaka giza. Sufuria hazikuzunguka. Zilibaki kwangu na kwa wifi yangu mwenye mimba ya miezi saba.

Mimi nina presha tangu 2019. Nameza amlodipine kila asubuhi baada ya chai, na hapa Tabata siruki hata siku moja. Kule, Krismasi yenyewe nilisema nitameza nikishakunywa chai. Chai nikainywa saa nane mchana, imepoa, kidonge nimeshakisahau. Tarehe 26 hivyo hivyo. Na kila sufuria lazima uonje chumvi, si mara moja. Jioni kichwa kikaanza kugonga, naona nyota nyota. Shemeji akanipakia bodaboda hadi zahanati. Muuguzi alipima mara mbili: 184 kwa 112. Presha huhesabiwa iko juu kuanzia 140 kwa 90.

"Mama, ulikuwa kazini?" akaniuliza.

Nikamwambia niko likizo.

Huyo dada ndiye aliyenieleza kwamba kidonge changu hakina haja ya kusubiri chai, na kwamba nikisahau leo nisimeze viwili kesho. Sasa nimeweka kengele kwenye simu. Hilo nimelimaliza mwenyewe, lakini ndizi siwezi kuzimaliza mwenyewe. Vijana wetu wanaojipikia vyuoni wanashindwaje kushika kisu kwa bibi yao? Na tarehe 26 iwe siku ya viporo, jiko lipumzike, wapishi walale mchana kama wanavyolala wengine. Mama mkwe, ambaye nilidhani ndiye atakayepinga, aliniambia pembeni kwamba hajawahi kuikalia Krismasi kwenye kiti tangu aolewe.

Kwenye kundi la ukoo la WhatsApp wameshaanza kuchangishana hela za mbuzi na bia. Juzi nikauliza: safari hii nani anamenya ndizi? Watu kumi na saba wamesoma. Mpaka naandika barua hii hakuna aliyejibu.

Mke wa mtoto wa kwanza,
Tabata, Dar es Salaam