Kwa Swahiba Bakari, Kuhusu Oili ya Gari Lile

Chumbageni, Tanga

Swahiba wangu Bakari,

Assalaam aleykum warahmatullahi wabarakatuh. Baada ya salamu, ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta wewe, mama na watoto mkiwa katika uzima. Sisi huku hatujambo, isipokuwa goti la Bi Mwanakombo limerudi kumsumbua. Anayekuletea bahasha hii ni Hamadi, naye nimemsihi asiikabidhi kwa mtu mwingine yeyote ila wewe. Ningeweza kupiga simu, lakini kila nikikupigia nakukuta na dalali pembeni yako, na haya niliyo nayo yanahitaji kusomwa kwa utulivu. Ombi langu ni moja tu: usitume hata shilingi ya kishika uchumba kabla hujafika mwisho wa barua hii. Zile ni fedha za shamba la minazi la marehemu mzee, na shamba likishauzwa halirudi.

Nililiona gari ulilonituma nilikague kabla hujalinunua, pale Makorora, asubuhi kabla halijawashwa, kwa kuwa nilikwisha kumwomba mwenye gari asiliguse tangu usiku. Bodi ni safi, matairi hayana kipara, viti havijachanika, na ndani pananukia vizuri. Hayo yote utayaona hata kwenye picha alizokutumia dalali. Mimi nilikwenda kutazama oili, kwa sababu oili hupita kila mahali ndani ya injini na hutoka na alama ya kila ilikopita. Nilichomoa kijiti cha kupimia, nikakifutia kwenye karatasi nyeupe niliyokwenda nayo. Bakari, kilichobaki juu ya karatasi ile kilikuwa kitu kizito, kisichopenyeza mwanga, cha rangi ya chai ya maziwa. Si hivyo tu, kimo chake kilikuwa kimepita alama ya juu ya kijiti. Nilipofungua kifuniko cha kujazia oili nikakuta utando wa rangi hiyohiyo umeganda chini yake.

Mwenye gari hakubabaika. Alisema kwamba gari lilisimama kipindi chote cha masika na kwamba huo ni unyevu tu, utakwisha likianza kutembea. Maelezo hayo yana ukweli ndani yake, na ndiyo maana huwapata watu wengi. Injini ikipoa, unyevu wa hewa iliyomo ndani yake hugeuka matone ya maji, na matone hayo yakichanganyika na oili hufanya utando mweupe. Jambo hilo hutokea sana katika nchi za baridi, kwa magari yanayowashwa kwa safari fupi fupi, ambazo injini yake haipati muda wa kupata moto wa kutosha na kuyafukuza maji hayo kwa mvuke. Hata huku kwetu laweza kutokea ikiwa fundi ameitoa thermostati, kifaa kinachoyazuia maji ya kupooza hadi injini ipate moto, kama wengi wapendavyo kufanya gari linapochemsha, kwa sababu bila kifaa hicho injini huchelewa kufikia joto lake. Lakini unyevu wa namna hiyo huonekana zaidi chini ya kifuniko, tena kidogo, wakati oili ya kwenye kijiti hubaki na rangi yake. Wala haupandishi kimo cha oili kwa kiasi cha kuonekana. Injini haizai oili. Kimo kikipanda, ujue kuna kitu kimeingia, na vitu vinavyoingia ni viwili: maji au mafuta ya kuendeshea gari. Petroli huifanya oili kuwa nyepesi na yenye harufu kali. Hii haikuwa nyepesi wala haikunuka petroli.

Nikatazama rejeta. Haikuwa na kulanti, yaani maji ya dawa ya kupoozea injini, bali maji matupu yenye kutu, na juu yake palielea utando wa mafuta. Hapo nilikuwa nimekwisha kupata jibu, lakini kwa kuwa fedha ni zako na si zangu nilitaka kuthibitisha. Tone la oili ile nililokuwa nimelihifadhi nililidondosha nyumbani kwenye bati lililopashwa moto juu ya jiko. Oili isiyo na maji hutandaa na kutoa moshi kimyakimya. Hii ilichachatika na kurusha vichembe, kwa sababu maji yaliyojificha ndani yake yaligeuka mvuke kwa ghafla. Ukitaka kulifanya jaribio hilo, tumia tone moja tu na uwaweke mbali watoto.

Sasa nikueleze maji hayo yalipitia wapi. Kati ya bloku, yaani mwili wa injini, na silinda hedi inayoifunika juu kuna gasketi, na kazi ya gasketi hiyo ni kutenganisha vitu vitatu vinavyopita karibu karibu: moto wa ndani ya silinda, maji ya kupooza, na oili. Gari likichemsha, hedi, ambayo katika magari mengi ya siku hizi ni ya aluminiamu, hutanuka kupita kiasi na yaweza kupinda. Pindo dogo, ambalo jicho halilioni bila rula ya chuma iliyonyooka, latosha kuifanya gasketi ishindwe kubana. Nilimuuliza mwenye gari lilikuwa likifanya kazi wapi kabla ya kuletwa mjini, naye akajibu bila kusita kwamba lilikuwa likibeba abiria kati ya Mombo na Lushoto. Wewe na mimi tumeupanda mlima ule. Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kutoka Mombo barabara hupanda kwa kona mfululizo, gari likiwa na watu na mizigo, kwa gia nzito, upepo wa kupooza rejeta ukiwa haba. Gari linalofanya kazi hiyo kwa maji matupu yenye kutu, ni miujiza lisipochemsha. Sisemi kwamba nililiona likichemsha. Nasema kwamba oili, rejeta na historia yake vinasimulia habari moja.

Madhara yake hayaishii kwenye gasketi, na hapa ndipo ninapokuomba usome polepole. Krenki ya injini, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, haigusani na beringi zake; huzunguka juu ya utando mwembamba wa oili unaosukumwa na pampu. Oili iliyochanganyika na maji haiwezi kushikilia utando huo inavyopasa, na chuma huanza kusuguana na chuma. Kama palikuwa na kulanti, mambo huwa mabaya zaidi, kwa kuwa dawa zake hushambulia beringi. Kwa hiyo mtu atakayekwambia, "Ni gasketi tu, tunabadilisha kwa siku moja," muulize gari lilitembea kwa muda gani likiwa na oili ya namna hiyo.

Nilirudi tena Makorora baada ya mwenye gari kumwambia fundi Salimu kwamba "tatizo limeisha". Mwenye gari akachomoa kijiti kwa mkono wake, kwa furaha, akanionyesha. Oili ilikuwa ya rangi ya asali, inang'aa, kijiti kinaonekana hadi chini yake. Nina hakika picha ya kijiti hicho umeshatumiwa. Ndiyo iliyonifanya niandike barua hii usiku uleule, kwa sababu oili ile nzuri ilinitia wasiwasi kuliko ile mbaya. Rangi ya asali haina maana kwamba injini ni nzima. Ina maana kwamba oili imemiminwa hivi karibuni na bado haijafanya kazi, basi. Aliyemwaga oili ya zamani amemwaga na ushahidi wote. Chini ya kifuniko, kwenye pembe ambazo kitambaa hakikufika, utando ule wa rangi ya chai ulikuwa bado upo.

Nilimwomba jambo moja ambalo halitegemei oili. Injini ikiwa baridi kabisa, tulifungua mfuniko wa rejeta, tukaongeza maji hadi juu, kisha akawasha. Mapovu yakaanza kutoka na hayakukoma, na mpira wa juu wa rejeta ulijaa na kuwa mgumu mapema, tulipoufunga mfuniko, hata kabla injini haijapata moto. Hewa ile ni moto wa silinda unaovujia kwenye maji. Dar es Salaam zipo gereji zenye kifaa chenye maji ya buluu ambayo hugeuka manjano yakikutana na hewa hiyo katika injini ya petroli. Ukitaka ushahidi wa tatu, muuzaji akubali gari lipelekwe huko. Nakuomba sana tu, wewe au mtu yeyote, msifungue mfuniko wa rejeta wakati injini ni moto.

Najua utamweleza haya Mzee Shekue, naye atakwambia kwamba oili mbaya ni nyeusi na kwamba hii ya asali ndiyo safi. Mzee namheshimu, lakini katika hili hayuko sahihi, na pikapu yake mwenyewe inamkanusha. Ile ni ya dizeli. Oili ya injini ya dizeli yaweza kuwa nyeusi baada ya safari chache tu, kwa sababu ya masizi, na oili nzuri imetiwa dawa za kuyashika masizi hayo yasigande kwenye pistoni na ringi zake. Ikiwa nyeusi, maana yake inafanya kazi iliyonunuliwa kuifanya. Hata ya petroli hugeuka kahawia na kuendelea kukolea kadiri gari linavyotembea. Weusi wa kuogopa ni ule uliokuwa tope, unaong'ang'ania kijiti na kuganda chini ya kifuniko. Huo ni wa gari ambalo mwenyewe hakuwa akifanya sevisi. Gari la petroli lililotembea, likawa na oili ya kahawia iliyo laini, lenye karatasi za sevisi, ningelinunua mbele ya hili la Makorora, kwa roho nyeupe kabisa.

Kwa kuwa umesema lipo gari lingine Mapinga, nenda na karatasi nyeupe na sumaku ndogo. Ipeleke karatasi juani. Ukiona vumbi linalometameta ndani ya oili, hizo ni chembe za chuma, na kitu fulani ndani ya injini kinasagika. Zikinasa kwenye sumaku, ni chuma hasa, pengine cha krenki, cha kamu au cha silinda. Lakini zisiponasa usifurahi, kwa sababu beringi nyingi zina tabaka la aluminiamu au shaba, na sumaku haivuti aluminiamu wala shaba. Gari la namna hiyo liache hata kama bei yake imeshuka nusu. Ukiona wekundu, kwanza hakikisha kwamba hukuchomoa kijiti cha gia boksi ya otomatiki, kwa kuwa oili ya huko kwa kawaida huwa nyekundu. Shemeji alipata hofu bure kwa ajili hiyo. Ipo pia kulanti nyekundu na ya kijani, kwa hiyo rangi hizo zikiwa kweli zimo ndani ya oili ya injini, uliza maswali yaleyale ya maji niliyokueleza hapo juu.

Narudi kwenye gari la Makorora, maana najua umelipenda. Sikwambii kwamba haliwezi kupona. Hedi iliyopinda huchongwa ikanyooka ikiwa bado ina unene wa kutosha, gasketi hubadilishwa, njia za oili husafishwa, na gari hurudi barabarani. Tatizo ni kwamba hakuna ajuaye kabla ya kufungua: hedi yaweza kuwa imepasuka, na beringi zaweza kuwa zimekwisha kuliwa, na hapo utakuwa unanunua injini nyingine. Kwa hiyo nilimwambia mwenye gari kwa adabu kwamba afungue hedi kwa gharama yake, Salimu aipime kwa rula mbele yetu, sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, nayo ishushwe tutazame beringi, ndipo tuzungumze bei. Alisema atafikiri. Muda si mrefu dalali wako, aliye Bagamoyo na ambaye hajaliona gari hilo kwa macho yake, akakupigia na kukwambia kwamba kuna mteja mwingine anataka kulipa kesho. Mwache huyo mteja alipe.

Niambie basi: umeshampa dalali chochote, hata kwa mdomo? Kuna karatasi yoyote uliyotia saini? Picha ya kijiti aliyokutumia ilipigwa lini, nawe unaweza kunitumia niitazame? Lile la Mapinga ni la petroli au la dizeli, na mwenyewe atakubali ulione asubuhi likiwa baridi? Mama anasemaje kuhusu jambo hili, na anajua kwamba fedha zote zinakwenda kwenye gari moja? Mwenye gari la Makorora akikubali kufungua hedi, utaweza kuja Tanga ushuhudie mwenyewe, au nisimamie mimi na Salimu kwa niaba yako? Hamadi anageuza Alhamisi. Mpe majibu yote kwa maandishi.

Wako akupendaye,
Mbwana